Kesi Iliyopigiwa Makofi

Siku waliyoniaga nilipostaafu uhakimu, baada ya pilau na hotuba tatu zilizofanana, hakimu mmoja kijana alinivuta pembeni ya turubai. Nilidhani anataka ushauri wa sheria. Kumbe ana lake. "Mheshimiwa," aliniambia, "eti ni kweli hivi vipindi vya kutafuta vipaji kwenye televisheni vinadumaza akili za watu? Nimesikia wewe uliwahi kufukuza watu mahakamani kwa sababu ya kupiga makofi." Nikamwambia jibu lake ni refu kuliko sherehe yenyewe, na kwamba nitaliandika. Ndilo hili.

Nawaandikia ninyi mnaokalia viti vile sasa. Habari za vyeo nitaziruka, vilikuwa vichache. Habari za mshahara mnazijua wenyewe.

Nilianza kazi miaka ile ya ruksa, maduka ya Arusha yalipoanza kujaa vitu ambavyo utotoni niliviona kwenye picha tu. Wazazi wangu ni watu wa Kondoa, lakini mimi nilikulia Ngarenaro, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye familia sita na choo kimoja, kwa hiyo kusikiliza mashauri nilianza mapema. Baba alikuwa fundi cherehani. Siku ya kwanza kazini nilivaa suti ya mtumba aliyoipunguza yeye, na mikono ikabaki mirefu kwa sababu uzi ulimwishia. Hakimu niliyepelekwa kujifunza kwake alikuwa Mpare mmoja mkavu aliyeitwa Mzee Mbwambo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Mikono hiyo itafagia wino. Ikunje." Hiyo ndiyo karibu niliyoipata.

Alikuwa na sababu. Kwenye mahakama ya mwanzo hakimu ndiye anayeandika kila kitu kwa mkono wake. Shahidi anasema, wewe unaandika. Anakohoa, unapumzika. Ikifika mchana kidole cha kati kimeota sugu na shingo imekaza. Wenzangu wengi waliiona kazi hii kama adhabu. Mzee Mbwambo aliiona kama kipimo. "Itazame kalamu yako," aliniambia. "Ukiona shahidi anaongea na kalamu imesimama, jiulize kwa nini. Pengine amesema jambo zito unalolitafakari. Mara nyingi lakini hajasema kitu." Niliyajaribu maneno hayo wiki ile ile. Akaja mama mmoja mwenye maneno matamu mno, ameongea tangu tumefungua mpaka chai imeletwa, na kwenye karatasi yangu kuna jina lake, umri wake, na kwamba ana kuku.

Jambo la pili alilonifundisha linahusu wazee wa baraza. Watu wa nje hawalijui, na hata baadhi yenu mlilichukulia kwa wepesi mpaka likawauma. Hakimu wa mahakama ya mwanzo haamui peke yake. Anakaa na wazee wawili wa hapo hapo, na kura zenu ni sawa. Wazee wawili wakisema mtu ana hatia na wewe ukasema hana, mtu huyo ana hatia, na hukumu utaiandika wewe kwa mkono wako huo huo wenye sugu. Nilipomwambia Mzee Mbwambo kwamba hilo linanitisha, alifuta miwani yake taratibu. "Kura mbili zisikutishe," alisema. "Ogopa kura isiyo na sababu. Kabla hujamuuliza mzee ameamua nini, muulize ameona nini." Alifariki kabla hajaona nilivyokuja kuyahitaji maneno hayo, nami bado namkumbuka kwa uchungu.

Baada ya miaka ya mjini nilihamishiwa mahakama moja ndogo upande wa Maji ya Chai. Jengo lilikuwa la bati bila dari, kwa hiyo mvua ikinyesha kesi inasimama, maana hata ungepiga yowe asingekusikia mtu. Barabara kuu ilikuwa karibu, mabasi yakipita tunayasikia. Kesi zenyewe zilikuwa za migomba iliyokatwa, mbuzi waliokula mahali wasipoalikwa, watu waliochapana fimbo kwa zamu ya maji ya mfereji, na ndugu wanaogombea mirathi ya baba ambaye alipokuwa hai hawakumpelekea hata sukari.

Wameru wa pale walikuwa na namna yao ya kutoa ushahidi. Shahidi alianzia kwa babu. Ukimuuliza nani alikata mgomba, anakueleza kwanza huo mgomba ulipandwa na nani, na huyo aliyeupanda alioa wapi. Wengine Kiswahili kikiwaishia wanaendelea kwa Kimeru, karani anatafsiri, mimi naandika. Ilichosha. Nilikuwa nikirudi nyumbani naona migomba ukutani. Lakini hakuna aliyekuwa na haraka ya kupendwa, na ukimkatiza mtu ukamuuliza swali, anasimama, anafikiri, anajibu.

Halafu ikaja televisheni. Ya kwanza ilikuwa kwenye grosari ya barabarani, imefungiwa kwenye tundu la chuma kama kuku wa mnadani. Baadaye nyumba zenye ng'ombe wazuri wa maziwa zikaanza kununua za kwao, halafu simu za mkononi zikaingia, na mwisho likaja lile shindano. Mnayajua mashindano hayo. Vijana wanaimba, majaji watatu wanakaa nyuma ya meza, mmoja wao mkali, na watazamaji wanapiga kura kwa meseji. Siku za shindano grosari ilijaa kuliko ibada ya Krismasi.

Mabadiliko niliyaona kizimbani. Mashahidi walianza kunipa mgongo. Wanawageukia watu waliokaa kwenye mabenchi na kuwaeleza wao, mikono ikipaa. Mzee mmoja wa kesi ya mbuzi alimaliza ushahidi wake kwa kusema, "Naombeni mniunge mkono," nami nikamwuliza kama amegombea udiwani. Watu wakaanza kupiga makofi, kidogo kidogo mwanzoni, halafu bila aibu. Na sisi tuliokaa mbele tulikuwa watatu nyuma ya meza, tena mmoja, yaani mimi, mwanamke asiyecheka. Wakanibatiza Jaji Mkali. Karani wangu aliniambia huku akijifanya anapanga mafaili. Nilimwambia jina si baya, ila watu wasisahau kwamba kwetu anayetolewa haendi nyumbani.

Ndipo ikaja kesi ya kinanda.

Mlalamikaji alikuwa kijana Godlisten, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti ambayo hata mimi Mwislamu nilisimama barabarani kuisikiliza ilipotoka kanisani. Alikuwa amekwenda kwenye mchujo wa shindano lile mjini Arusha, akapita mara mbili kabla ya kutolewa. Uso wake ulionekana kwenye televisheni kwa muda mfupi mno, lakini ulitosha. Aliporudi, akina mama wa sokoni walimpa ndizi bure. Kwaya ilikuwa imechangishana kwa muda mrefu ikanunua kinanda cha umeme, na kinanda kikawa kinatunzwa kwake. Kikapotea. Godlisten akasema mwizi ni Ndelilio.

Ndelilio alikuwa kibarua wa kukata majani ya ng'ombe, mtu wa miaka kama thelathini, mrefu, mpole, na mwenye kigugumizi kikubwa sana. Salamu tu ilimchukua muda, na watu wa pale walikuwa na kawaida ya kumwitikia kabla hajamaliza. Tangu alipokamatwa hakuna aliyekuwa na subira ya kufika naye mwisho wa sentensi. Hakupata mtu wa kumdhamini. Aliletwa kutoka mahabusu akiwa amekonda, na kama angetiwa hatiani alikuwa anakwenda jela, hilo halikuwa na mjadala.

Karani alisoma shtaka, na siku na mahali, watu wakiwa bado wanagombania nafasi kwenye mabenchi. Sidhani kama wengi walilitia maanani. Kisha Godlisten akapanda kizimbani, na kelele zikakatika zenyewe.

"Ilikuwa jioni," alianza kwa sauti ya chini. "Mvua inanyesha. Wingu limefunika Meru yote. Mimi niko peke yangu na Mungu wangu. Mara nasikia mlango. Natoka. Naona mtu kwenye migomba, kinanda cha kwaya yetu kiko kichwani kwake." Hapo sauti ilikatika, akafuta machozi, na benchi la mbele likalia pamoja naye. "Nikamwita. Akageuka. Akaniambia maneno ambayo sitayasahau." Akanyoosha mkono, akaikaza sauti ikawa nzito, ikatetemesha bati: "Godlisten, ukinifuata nitakukata, na hiyo kwaya yako itakuimbia kaburini!"

Watu waliruka. Makofi, vigelegele, mtu akapiga mluzi. Nilipiga meza mpaka kiganja kikawaka moto. Niliitazama kalamu yangu, na karatasi ilikuwa na mistari michache mno kwa maneno marefu namna ile.

Ilipofika zamu ya Ndelilio kujitetea, alisimama, akashika ubao wa kizimba. "Mi-mi-mi... mi-mimi si-si..." Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele. Akajaribu tena. Kikaongezeka. Akatazama chini, akasema, "Ba-basi," akakaa.

Tuliingia chumba cha ndani na wazee wangu wawili. Mmoja alikuwa Mzee Kaaya, mkulima wa kahawa, mtu wa haki katika mambo mengi na mlalamishi katika yote, hasa kuhusu wanunuzi binafsi wa kahawa. Wa pili alikuwa Mama Ndewario, aliyefundisha shule ya vidudu kwa muda mrefu kiasi kwamba nusu ya washtakiwa wetu aliwahi kuwafuta makamasi. Mzee Kaaya hakukaa hata chini.

"Mheshimiwa, hapa hakuna kazi. Kijana ameeleza, yule ameshindwa kujibu. Ana hatia."

"Mama Ndewario?"

"Mimi mwenyewe nimelia," alisema, na kweli leso yake ilikuwa mkononi.

"Umeona nini?"

"Nimeona anavyoumia."

"Mbali na hilo umeona nini? Au umesikia nini?"

Alianza kuikunja leso. Mzee Kaaya alikohoa. "Mheshimiwa, tunakuheshimu sana. Lakini kura ni tatu, na sisi ni wawili. Na huyu kijana ndiye aliyetutangaza. Tukimwangusha, watu watatuelewa vipi?"

Niliogopa. Nasema wazi ili nanyi msijione wanyonge siku mtakapoogopa. Sikuogopa wale watu waliokuwa nje, niliogopa kwamba hesabu ya mzee ilikuwa sahihi. Wangeweza kumfunga mtu asubuhi ile ile, na sheria ingekuwa upande wao, na mwandiko ungekuwa wangu. Nikawaambia kwamba mshtakiwa aliyenyamazishwa na kicheko hajajitetea, kwa hiyo utetezi wake haujakwisha, kwa hiyo hakuna cha kupigia kura. Naahirisha. Na kuanzia kikao kijacho kuna mambo mawili. La kwanza, atakayepiga makofi atatoka nje. La pili, hakuna mzee wa baraza atakayetoa maoni kabla hajauliza swali angalau moja kwa mdomo wake. Mzee Kaaya akaniuliza hiyo ni sheria ya wapi. Nikamwambia ni ya chumba hiki, na kama anataka ya vitabuni ninayo pia, inasema anaruhusiwa kuuliza, na bado sijawahi kumwona akichoka kwa kuitumia.

Nilirudi nyumbani na hasira. Siku zile nilikuwa naishi chumba cha kupanga, na kupitia dirishani nilikuwa naona bluu ya televisheni kwa jirani. Niliilaani. Niliwaza kwamba shindano lile limewafundisha watu jambo baya kabisa, kwamba kumpenda mtu ni sawa na kumwamini, na kwamba anayelia vizuri hawezi kusema uongo. Kama yule kijana wa kwenye sherehe angeniuliza swali lake siku ile, ningemjibu kwa neno moja.

Lakini nilikuwa sijawahi kuliangalia shindano lenyewe. Nilikuwa nalihukumu kwa ushahidi wa kusikia, jambo ambalo mtu mwingine akilifanya mbele yangu namkemea. Kwa hiyo Jumamosi, watu walipomaliza kukamua, nilikwenda kwa Mama Ndewario na sukari kilo moja, nikamwambia nimekuja kutazama televisheni. Kesi hatukuigusa, mimi na yeye tunajua mipaka. Alinipa kiti kizuri, wajukuu wakakaa kwenye mkeka.

Jamani. Yule mama niliyemwacha na leso mkononi sikumwona pale. Akaingia binti mmoja akaimba, wajukuu wakashangilia, Mama Ndewario akatikisa kichwa. "Huyu analia kwa sababu sauti imemwishia. Msikilizeni mwisho wa mstari, anameza." Akaja mwingine. "Huyu kapendeza, ila wimbo umemshinda, kaukimbilia." Wajukuu wakambishia, akawajibu kwa hoja, mmoja akamjibu kwa hoja nzuri zaidi, bibi akakubali kushindwa. Walikuwa wanapembua kila kijana kama mchele wa sikukuu. Nilikaa nimeduwaa na kikombe cha chai mkononi. Akili ipo tele, niliwaza. Tatizo inaachwa nyumbani.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, mbona ukija kazini huulizi hivi?"

Alinishangaa. "Kule ni mahakamani, Mheshimiwa. Mtu mzima analia mbele za watu, mimi nimkatize? Si adabu."

Wakati huo huo kwenye kioo akaja kijana mwenye mbwembwe nyingi, muziki umepanda, ukumbi umesimama. Yule jaji mkali akainua mkono, muziki ukazimwa. Akamwambia aimbe ule ule wimbo, bila muziki. Kijana akaimba. Hakukuwa na sauti pale, ilikuwa ngoma tu iliyokuwa imembeba. Mama Ndewario akapiga goti lake kofi. "Hapo! Hapo ndipo ninapompendea huyu baba!"

Nilikunywa chai yangu mpaka mwisho. Nilipoaga nilimwambia neno moja tu, kwamba kiti anachokalia mahakamani nacho kina mkono wa kuinua.

Siku ya kikao mahakama ilifurika mpaka madirishani. Karani alitangaza habari ya makofi, watu wakaguna. Nikamwita Godlisten arudi kizimbani kwa maswali ya wazee wa baraza. Alipanda akitabasamu, akaweka koti sawa. Mama Ndewario alivua miwani, akaiweka mezani.

"Godlisten, mwanangu. Nilikufundisha kuhesabu mimi."

"Ndiyo, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka unisimulie tena yale mambo. Ila leo bila muziki."

"Muziki gani tena, mwalimu?"

"Ule wa siku ile. Mikono iache hapo kwenye ubao. Ilikuwa siku gani?"

"Ilikuwa jioni ya mvua kubwa, wingu..."

"Nimeuliza siku."

Tabasamu lilipungua. "Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Ile ya mavuno."

Kalamu yangu ilianza kwenda. Mama Ndewario akaendelea, sauti ile ile aliyokuwa akiwauliza watoto nani kamwaga uji. Alimwona kwa umbali gani? Kama kutoka hapa mpaka mlangoni. Alikuwa na uhakika ni Ndelilio? Kabisa. Alimwambia nini?

Godlisten alivuta pumzi, akakumbuka ukumbi umejaa, na sauti nzito ikarudi: "Godlisten, ukinifuata nitakukata, na hiyo kwaya yako itakuimbia kaburini!"

Safari hii hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa ilikuwa marufuku. Maneno yakabaki pale hewani, peke yao, na kila mtu akapata nafasi ya kuyatazama.

"Rudia," alisema Mama Ndewario. "Kama alivyosema yeye."

Akarudia. Neno kwa neno, kwa pumzi moja.

Niliona mgongo wa Mzee Kaaya ukinyooka. Aligeuka akamtazama mshtakiwa, akamrudia shahidi. "Subiri kwanza, kijana. Huyu Ndelilio huyu? Ambaye shikamoo yake naisubiri mpaka chai inapoa? Ndiye aliyekwambia hayo yote, tena anakimbia, tena na mzigo kichwani?"

Godlisten aliishusha sauti. "Alisema kama... 'Ni-ni-nitaku...'"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akagundua kwamba anacheka peke yake, akanyamaza.

"Hapana," alisema Mzee Kaaya. "Hiyo umeianza sasa hivi."

Nikamwambia Godlisten akae, nikamsimamisha Ndelilio. Kisha nikawaambia watu kwamba mshtakiwa atajibu kwa muda wowote atakaoutaka. Atakayecheka atatoka, na atakayemmalizia neno lake mdomoni atatoka pia, hata kama anadhani anamsaidia. Nikaiweka kalamu chini ili asione kama namkimbiza.

"Ndelilio. Jumapili ya mavuno, jioni, mvua ikinyesha, ulikuwa wapi?"

Alianza. Neno la kwanza liligoma, akaliacha, akalirudia. Mishipa ya shingo ilimsimama. Tukasubiri. Basi likapita barabarani, tukasubiri. Kuku akaingia mlangoni, akatutazama, akatoka. Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakiwa kimya namna ile, na nawaapia ilikuwa kazi ngumu, niliona watu wakiuma midomo ili wasimsaidie. "Ni-nilikuwa... kwa... kwa Ma-ma..." Kijana mmoja dirishani akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. "Kwa Ma-mama A... A-Anaeli."

Mama Anaeli alikuwa amekaa benchi la pili. Siku ya kwanza alikaa la kwanza, na nilimkumbuka vizuri kwa sababu vigelegele vilikuwa vyake. Alisimama taratibu, mkono kifuani.

"Yesu wangu," alisema. "Jumapili ya mavuno. Ni kweli, Mheshimiwa. Ng'ombe wangu alikuwa anazaa, ndama kakaa vibaya. Tulitoka kanisani moja kwa moja mpaka zizini, mimi na yeye. Ndiye aliyemtoa yule ndama. Hakuondoka kwangu mpaka mvua ilipokatika."

Nilimwapisha, akayasema tena kizimbani, na wazee wangu wakamuuliza maswali mpaka nikalazimika kuwaomba wapumzike. Kura zilikuwa tatu za upande mmoja, kila moja na sababu yake, na sababu za Mzee Kaaya zilikuwa ndefu kiasi cha kuanzia kwa babu. Ndelilio akaachiwa huru. Kinanda chenyewe kilipatikana baadaye darini kwa Godlisten. Alikuwa amekibeba kwenda kufanya mazoezi njia ya Momela, mvua ikamkuta mahali pa wazi, kikaloa kikafa, na akaona ni heri kuibiwa kuliko kuonekana mzembe mbele ya watu waliomwona kwenye televisheni. Alichagua mtu ambaye alijua hatamaliza kujieleza. Kwa hilo sijamsamehe, ingawa kwaya yake, nasikia, ilimsamehe.

Sasa jibu lako, kijana. Siwezi kuisafisha televisheni, wala siwezi kuisingizia. Shindano lile lile lililomfundisha Godlisten kulia ndilo lililompa Mama Ndewario ujasiri wa kuzima muziki, na wote wawili walilitazama kijiji kimoja. Mtu anaweza kutazama kipindi chochote na akili yake ikabaki salama. Inaanza kudumaa pale anapopiga makofi kabla hajauliza, na hapo hata mahubiri yanaweza kumdumaza, hata hotuba, hata hukumu ya hakimu. Mahakamani kwenu makofi msiyaruhusu, hata ya kuwasifu ninyi. Watawaita majina. Mtayazoea. Na mtu mwenye kigugumizi akisimama mbele yenu, wekeni kalamu chini msubiri, hata mkichelewa chakula, hata wazee wenu wakikohoa.

Kwa sababu kabla sijamruhusu Mama Anaeli kushuka kizimbani, nilimuuliza swali ambalo halikuwa la kesi. Nilitaka tu kujua. Nilimwambia, "Mama, siku ile ya kwanza ulikuwa umekaa hapa mbele. Shtaka lilisomwa ukisikia. Mtu aliyeshtakiwa unamjua, jioni ile alikuwa zizini kwako, mikono yake ndani ya ng'ombe wako. Mbona ulikuwa unapiga vigelegele?"

Alivuta kanga yake mabegani, akamtazama Ndelilio, akashindwa kuendelea kumtazama.

"Alikuwa anaongea vizuri, Mheshimiwa."